Mbona swala hana gamba

Mwanangu Rehema,

Salamu zako nimezipata, na swali lako pia: ikiwa gamba limemhifadhi kobe miaka yote hii, mbona swala, anayeliwa kila uchao, hajaota lake? Swali zuri, ila umeliuliza kana kwamba gamba hugawiwa bure.

Siku ukikuta gamba tupu la kobe aliyekufa, ligeuze uchungulie ndani. Utaona uti wa mgongo umegandana na dari, na mbavu zimeshuka pande zote mbili kama kombamoyo za paa. Kobe havuliki gamba, hata katuni ziseme nini. Gamba ni mifupa yake mwenyewe, juu yake vimetandazwa vigae vya keratini, kitu kilekile kinachounda kucha zako. Sasa tazama gharama yake. Sisi tukivuta pumzi, mbavu zinapanuka. Zake zimefungwa, kwa hiyo misuli ya tumboni ndiyo inayovuta hewa na kuisukuma nje. Mpe swala kifua cha namna hiyo uone kama atamkimbia duma.

Tena huenda gamba halikuanza kama kinga. Afrika Kusini kuna mabaki ya Eunotosaurus, mnyama wa miaka kama milioni 260 iliyopita anayedhaniwa kuwa wa ukoo wa kobe, mwenye mbavu pana lakini hana gamba. Mwaka 2016 wanasayansi walipendekeza kwamba mbavu zile zilimpa kiwiliwili imara cha kuchimbia ardhi. Mimi naona hoja yao ina nguvu, maana mbavu zikianza tu kupanuka zinampunguzia mnyama mbio na pumzi kabla hazijamkinga na chochote. Lazima zilikuwa na faida nyingine. Baadaye sana, miaka kama milioni 220 iliyopita, huko China aliishi Odontochelys, kobe wa kale: gamba la tumboni lilikuwa kamili, la mgongoni bado.

Kakakuona naye alifikia kinga ya magamba kwa njia yake. Magamba yake hayana mfupa, ni keratini tupu, na huendelea kukua kadiri yanavyolika kwa kusuguana na udongo. Ajabu ni kwamba ndugu zake wa karibu zaidi katika ukoo wa mamalia ni jamii ya simba, fisi na mbwa, wala si kobe. Akishikwa hujikunja, kichwa na tumbo vikafichika. Simba humbiringisha, humtafuna pembeni, mwishowe akachoka. Mtoto huzaliwa na magamba laini, kwa hiyo hatari ikija mama humkunjia ndani.

Ila ujanja huohuo ndio unaomponza kwa binadamu. Mnyama anayejikunja akatulia, unamwokota tu na kumtia guniani. Biashara ya kimataifa ya jamii zake zote 8 ilipigwa marufuku katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016, lakini Aprili 2019 Singapore ilikamata zaidi ya tani 25 za magamba katika shehena mbili. Mbinu iliyofaa dhidi ya meno kwa mamilioni ya miaka haina jibu kwa mkono.

Swala, kwa upande wake, kinga yake ni miguu na masikio, na kila kizazi kinachosalia ni cha waliosikia hatari mapema. Mamba nitamweka kwa barua ijayo. Vile vipande vya mfupa vilivyo ndani ya ngozi ya mgongo wake vina mishipa ya damu, na humsaidia pia kuota jua.

Wasalimie wajukuu.

Mama yako