Uchovu Unaoanzia Kichwani: Ninayoyajua Baada ya Miaka Mitano na MS

Siku niliyoogopa kweli ni ile kipimo cha kiuno kilipopotea kati ya tepu na daftari. Mteja alikuwa amesimama mbele yangu, ametaka gauni la harusi ya dadake. Nikapima, nikasema ishirini na nane kwa sauti, nikageuka kuchukua kalamu, na nilipoinama kuandika nikakuta kichwani hamna kitu. Nikapima tena. Ikapotea tena. Mara ya tatu aliandika mwenyewe, kimya, kisha akaniuliza kama nimekula. Ilikuwa saa saba mchana, soko la Kibuye, chini ya mabati, na usiku uliotangulia nilikuwa nimelala fofofo mpaka asubuhi.

Ninashona nguo hapa Kisumu, na tangu mwaka wa 2020 ninajua kwamba nina multipo sklerosisi, ambayo wengi tunaiita MS tu. Ninamwandikia mtu aliyeambiwa kwamba kinga ya mwili wake inashambulia neva zake mwenyewe, ambaye jicho limepona, mguu umerudi, lakini uchovu umebaki na hakuna anayeuamini. Mimi si daktari. Haya ni niliyopitia, niliyouliza na niliyosoma.

Kwangu ugonjwa ulianzia kwenye uzi. Uzi mwekundu ulikuwa mwekundu kwa jicho la kulia, na kwa la kushoto ulifanana na tofali lililopigwa jua. Jicho liliuma nilipoligeuza. Nikapewa miwani. Baada ya wiki kadhaa rangi ikarudi, nikasahau. Mwaka uliofuata, kila nilipoinamisha kichwa juu ya cherehani, kitu kama shoti ya stima kilishuka uti wa mgongo mpaka kwenye nyayo. Nilitibiwa malaria mara mbili, taifodi mara moja, na hospitali moja ikanipa dawa ya msongo wa mawazo. Daktari wa neva ndiye aliyeuliza kuhusu rangi nyekundu kabla mimi sijaitaja. MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ikaonyesha makovu kwenye ubongo na uti wa mgongo, na maji yaliyotolewa mgongoni yakaunga mkono.

Makovu hayo si jambo jipya duniani. Jean-Martin Charcot aliyaeleza kule Paris mwaka wa 1868, akayaunganisha na dalili alizoziona kwa wagonjwa wake. Neva ndefu za ubongo zimevikwa utando wa mafuta unaoitwa mailini, na ndio unaofanya ujumbe uende mbio. Katika MS kinga ya mwili huushambulia utando huo. Mahali ulipoliwa, ujumbe huchelewa, hupungua nguvu au hukwama. Baadhi ya mailini hujirekebisha, lakini kwa muda neva zenyewe huanza kufa. Ubongo wa kila mtu mzima husinyaa kidogo kila mwaka. Wetu, usipotibiwa, husinyaa kwa kasi zaidi, kiasi cha asilimia 0.5 hadi 1 na zaidi kwa mwaka. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilifunga simu nikalia. Leo ninalitaja kwa sababu moja: dawa za kuzuia mashambulizi hupunguza kasi hiyo, na mtu anayeacha dawa kwa kuwa anajisikia nafuu anapaswa kulijua.

Sasa uchovu. Wagonjwa wengi wa MS wanao, na wengi husema ndio unaowatesa kuliko dalili nyingine zote. Niliamini kwamba mwenye makovu mengi ndiye anayechoka zaidi. Sivyo. Mtu anaweza kuwa na makovu machache akachoka kupita mwenye mengi. Watafiti wanaona uhusiano mkubwa zaidi na viini vya ndani vya ubongo, thalamasi ikiwa mmoja wao, ambavyo hupokea habari na kuzigawa, pamoja na njia zinazoviunganisha na sehemu ya mbele ya ubongo. Tena kuna zile kemikali za uvimbe ambazo kinga ya mwili humwaga, zilezile zinazokulaza kitandani ukiwa na homa.

Lakini kilichonifungua macho ni hiki. Mtu mwenye MS akiwekwa ndani ya MRI na kuambiwa afanye jambo dogo, tuseme kugusanisha vidole, ubongo wake huwa unatumia sehemu nyingi kuliko wa mtu asiye mgonjwa kwa kazi ileile. Njia fupi imeharibika, kwa hiyo unazunguka. Hebu fikiria kila safari yako ya kutoka Kibuye kwenda mjini ni lazima ipitie Mamboleo. Utafika, ndiyo. Lakini mafuta yataisha saa sita mchana, na mtu aliyekuona umefika tu atashangaa umechokea nini.

Hiyo ndiyo sababu maneno "jikaze kidogo" yanaumiza. Nilijikaza miaka miwili, na nilivyozidi kujikaza ndivyo nilivyozidi kukata nguo za watu vibaya.

Jambo la kwanza ninalokusihi: usikubali kila uchovu uitwe MS. Damu ikipungua utachoka. Tezi ya thairoidi ikilegea utachoka. Sonona huchosha, na huwapata wenye MS mara nyingi, nayo ina tiba. Mimi nilikuwa naamka mara nne usiku kwenda msalani, kisha asubuhi nalaumu ubongo. Nilipotibiwa kibofu, nilirudishiwa karibu nusu ya siku yangu. Mwombe daktari apime hayo yote kwanza. Akiwa na muda, mwombe pia ile fomu ya sentensi tisa ambayo Lauren Krupp na wenzake waliitoa mwaka wa 1989. Kila sentensi unaipa namba kuanzia 1 hadi 7, na wastani wa 4 au zaidi ni uchovu wa kushughulikiwa. Mimi nilipata 6.1. Kuiona namba hiyo kwenye karatasi kulinisaidia nyumbani kuliko maelezo yangu yote, maana mume wangu ni mtu wa hesabu.

La pili ni malaria, na hapa nasema na watu wa kwetu, wa kanda hii ya ziwa. Mwaka wa 2022 miguu ilinilegea ghafla, jicho la kushoto likarudi kuwa na ukungu, nikajua ugonjwa umenishambulia upya. Nilikuwa nimeshatafuta nauli ya kwenda kwa daktari wa neva. Jirani akasema, pima kwanza. Ilikuwa malaria. Homa iliposhuka, jicho na miguu vikarudi ndani ya siku tatu. Joto la mwili likipanda hata nusu digrii, neva zilizovuliwa mailini hushindwa kupitisha ujumbe, na dalili za zamani hufufuka. Ndiyo maana madaktari hawahesabu shambulio jipya mpaka dalili zidumu saa 24 au zaidi pasipo homa wala maambukizi. Basi mambo yakikugeuka ghafla, pima malaria na upime mkojo siku hiyohiyo. Na kama dawa yako ya MS ni ya kupunguza kinga, homa usiilalie hata usiku mmoja. Pia usijinyime maji kwa kuogopa msala. Nilifanya hivyo, nikapata maambukizi ya njia ya mkojo, na yakaniangusha kuliko jua lolote.

Jua lenyewe ni adui wa peke yake. Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho Mjerumani, alieleza mwaka wa 1890 jinsi macho ya wagonjwa hawa yanavyofifia wakijitahidi kimwili, na baadaye ikaeleweka kwamba joto ndilo chanzo. Kisumu haijui baridi, nawe unayajua mabati ya mchana. Nikienda kwa dada yangu Nakuru, kule Lanet, nafanya kazi mpaka saa kumi bila kutafuta pa kulala. Wengine wameniambia nihamie huko. Wateja wangu wako hapa. Kwa hiyo nimeweka gunia na makuti juu ya mabati, leso iliyoloweshwa maji iko shingoni kuanzia saa tano, na chupa ya maji baridi haitoki mezani. Udhaifu wa joto hauharibu neva zaidi, huondoka ukipoa. Kujua hivyo kuliniondolea hofu kubwa.

Siku yangu nimeipanga upya kwa kufuata ubongo. Kukata kitambaa ni kazi ya akili, na kitambaa kikishakatwa hakirudi, kwa hiyo nakata kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, redio ikiwa imezimwa. Kushona kwa cherehani kunafuata. Vifungo na pindo, ambavyo mikono inavijua yenyewe, ni vya mchana. Vipimo sichukui tena peke yangu: mimi natamka, msichana ninayemfundisha kazi anaandika na kunisomea tena. Saa nane nalala dakika thelathini kwenye mkeka, nikiwa nimechoka au sijachoka. Hapo ndipo watu wengi hukosea. Ukingoja mpaka uishiwe, pumziko la nusu saa halitoshi, na kesho yake pia imekwenda. Siku nzuri ndizo hatari zaidi. Unajisikia mwepesi, unafua, unaenda sokoni, unapika samaki wa watu wanane, kisha siku mbili sindano ya mkono inakuwa nzito kama mchi.

Kutembea kunasaidia, ingawa inaonekana ni kinyume. Nilianza na dakika tano alfajiri, nikaongeza polepole, sasa ni ishirini na tano. Vidonge vya kuchangamsha sikuvipata, na sisikitiki: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2021 ulijaribu amantadini, modafinili na methilfenideti kwa wagonjwa 141, na hakuna iliyoshinda kidonge kisicho na dawa.

Dawa za ugonjwa wenyewe ni vita vingine. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka wa 2023, rituksimabu ikiwemo. Taja jambo hilo kwa sauti kila unapokaa mbele ya mtu wa bima au wa hospitali. Nimewahi kuambiwa dirishani kwamba ugonjwa huu si wa Waafrika. Niliondoka bila kujibu. Siku hizi najibu.

Kwa mama mkwe ndiko nilikochelewa zaidi. Alikuwa akinikuta nimelala mchana, anasema, "Nyathina, mwanangu, duka haliendeshwi kitandani." Hakuwa mbaya, alilima mpaka jioni akiwa na mimba, na hajawahi kuona uchovu usio na jembe. Nilimpeleka kliniki nami. Daktari akaweka picha ya MRI kwenye mwanga, akamwonyesha madoa meupe moja baada ya lingine. Akayahesabu kwa kidole, kwa Kijaluo, mpaka tisa, kisha akanyamaza hadi tulipofika kwenye tuktuk.

Juma lililopita alikuwa kibandani nilipokuwa kwenye mkeka. Mteja akaja kuulizia sare za mtoto wake. Nilimsikia mama mkwe akisogeza kiti mlangoni na kumwambia, "Kaa hapa na mimi mpaka saa nane na nusu. Anapumzisha ubongo."