Usiweke Boksi la Filamu Kwenye Chumba cha Mashine

Mwaka wangu wa kwanza kama mfizikia tiba nilikabidhiwa boksi la filamu ya Gafchromic EBT3, ambayo hubadilika rangi ikipigwa mionzi, karatasi 25, nikaambiwa nilitunze kama mboni ya jicho. Huagizwa nje, na likiharibika unasubiri bajeti nyingine. (Hii si ile beji ya kupimia mionzi tunayovaa kifuani, hii tunaitumia kuhakiki dozi ya mgonjwa kabla hajalala mezani.) Nikatafuta mahali pakavu, penye giza, ambapo kiyoyozi hakizimwi na umeme ukikatika jenereta inawaka. Sikuona kwingine ila chumba cha mashine ya tiba ya mionzi. Nikalifungia kabatini humo, nikajiona mjanja.

Baada ya mwezi mmoja hivi tukahakiki mpango wa matibabu wa Gy 2 (grei, kipimo cha dozi ya mionzi). Filamu ikasoma asilimia 10 juu. Siku mbili nzima tuliihangaisha mashine, na chemba ya ayoni, kifaa chetu kingine cha kupimia dozi, ikazidi kusema mashine haina kosa. Ndipo mkuu wangu akachomoa karatasi ambayo haijapigwa mionzi kwenye boksi langu, akailaza kwenye skana pamoja na kipande kilichosahaulika kwenye droo ya ofisi tangu siku ya kalibresheni, yaani siku tulipopiga vipande dozi tunazozijua ili tuwe na cha kulinganishia. Ya kwangu ilikuwa imekolea kijani. Hakunigombeza. Alinisogezea kikokotoo tu.

Piga hesabu nawe. Mionzi inayotawanyika kutoka mwilini mwa mgonjwa, mita 1 pembeni yake, ni kama sehemu 1 ya 1,000 ya dozi anayopewa. Wagonjwa 40 kwa siku, kila mmoja Gy 2, ni Gy 80. Mita 1 kutoka hapo unapata mGy 80 (mGy 1,000 ni Gy 1). Kabati langu lilikuwa umbali wa mita 3, na mionzi hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo gawanya kwa 9: karibu mGy 9 kwa siku. Siku za kazi 22 zinakupa Gy 0.2, ile asilimia 10 yetu, na filamu hii huanza kusomeka vizuri kwenye Gy 0.1 tu. Wala haifutiki: mionzi huziunganisha molekuli kuwa polima, na zikishaungana haziachani.

Basi liweke ofisini, nyuzi 20 hadi 25, ndani ya bahasha yake nyeusi. Kwa sisi wa pwani kiyoyozi si anasa. Gari lililofungwa juani ndilo adui mkubwa zaidi. Dereva akienda kuchukua mzigo, mwambie asipitie sokoni kwanza. Mashine ya kukagulia mizigo uwanja wa ndege isikutie hofu, dozi yake ni ndogo mno. Na friji? Wazee waliozoea filamu za zamani watakushauri hivyo. Usikubali. Ukiitoa kwenye baridi ukaileta kwenye hewa ya Dar es Salaam, itatoka jasho kama chupa ya soda, na maji hupenya kwenye kingo zilizokatwa.

Mwanga wa kawaida wa chumba hauiharibu kwa dakika chache, ndiyo maana watu hujisahau na kuiacha karibu na dirisha. Rudisha kwenye bahasha kila unapomaliza, hata kama unakwenda kunywa chai tu.

Vaa glavu, shika pembeni. Kata kwa kisu kikali, na milimita chache za ukingo usizisome, kwa sababu tabaka huachana hapo. Kabla hujakata, weka alama ndogo ya kalamu kwenye kona ya kila kipande kuonyesha upande mfupi wa karatasi ulikuwa wapi. Chembe zilizomo ni kama sindano zilizolala upande mmoja; ukigeuza kipande kwenye skana, namba hubadilika ingawa dozi ni ileile. Wengi hukosea hapa kuliko mahali pengine.

Ukishapiga mionzi, subiri saa 24 ndipo uskani, na vipande vya kalibresheni visubiri muda uleule. Kila unapotoka na filamu, chukua na kipande kisichopigwa cha boksi hilohilo. Kikae popote filamu inapokaa, isipokuwa chini ya mashine, kisha kiskaniwe pamoja nayo na kulinganishwa na kile cha siku ya kalibresheni.

Boksi langu lile hatukulitupa. Wageni wanajifunzia kukata na kuskani. Zimebaki karatasi 6.