Ukuta wa udongo na lipu ya saruji

Swali: Nyumba ya babu hapa Tabora mjini ni ya matofali mabichi, kuta zina unene wa sentimita 45 hivi. Miaka mitatu iliyopita tuliipiga lipu ya saruji ili idumu. Sasa lipu imevimba, ukiigonga inalia kama debe, na chini ukuta unatoa chumvi na kumomonyoka. Fundi anasema tubandue, tupige saruji nzito zaidi. Tukubali?
*Msomaji, Tabora*

Jibu: Msikubali. Saruji ndiyo iliyoleta maradhi. Msimu wa mvua maji hupanda kutoka ardhini ndani ya udongo, na zamani yalitoka usoni mwa ukuta yakakaushwa na upepo. Sasa yamefungiwa. Yanapanda juu zaidi, udongo ulio nyuma ya lipu unalainika, na pale yanapopata mwanya yanaacha chumvi inayoganda ndani ya vitundu na kuusaga udongo ukawa unga. Tena saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe: ukuta ukitanuka na kusinyaa, lipu haifuati.

Anzeni Mei mvua zikikatika, maana ukuta mnene hivyo hukauka kwa miezi, si kwa siku. Gongagongeni mjue palipoachana, kisha mbandue hapo kwa patasi nyembamba, mkianza juu mkishuka chini, patasi ikiwa imelala. Lipu iliyoshika kabisa sehemu ya juu na kavu iacheni kwanza. Ukiilazimisha inatoka na nusu ya tofali. Chumvi ifagieni kwa brashi kavu na kuizoa. Mkiiosha inarudi ndani.

Wakati ukuta unakauka, shughulikieni ardhi. Nje ya nyumba nyingi za zamani udongo umepanda mwaka hadi mwaka hadi ukapita sakafu. Uchimbeni ushuke sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu, bila kufikia chini ya msingi, na upeni mteremko wa sentimita 5 kwa kila mita kwenda nje. Kama kuna kibaraza cha zege kinachogusa ukuta, kikateni. Hicho huyasukuma maji ukutani.

Pale palipomomonyoka, chongeni hadi mfikie udongo ulio imara, lakini vipande vya sentimita 60 tu kwa mara moja, mkiruka kipande kimoja, la sivyo ukuta utakaa hewani. Jazeni kwa matofali mabichi ya udongo unaofanana, yaliyokaushwa kivulini wiki nne, na tope la kuungia. Kiungo cha juu kabisa kijazwe mwisho, kwa tope zito, baada ya matofali kushuka.

Lipu yenyewe: udongo sehemu mbili, mchanga moja, na majani makavu yaliyokatwa vipande vya kidole au pumba za mpunga, sehemu moja. Loweka siku tatu hadi saba, kanyaga kila siku. Kabla ya ukuta wote, paka mraba wa sentimita 30: ukipasuka ongeza mchanga, ukitoa vumbi mkononi ongeza udongo wa kichuguu. Lowesha ukuta kwanza, kisha piga tabaka la milimita 15. Likikauka ongeza la milimita 8. Malizeni kwa chokaa iliyozimwa na kulowekwa siku kadhaa, nyepesi kama maziwa, mkiipaka mara tano. Wengine hutia chumvi ili ishike. Kwa ukuta unaougua chumvi, hata gunia zima la chumvi ya Uvinza haliwezi kuwa dawa.

Je, saruji kidogo ndani ya tope? Hapana. Mnarudi pale pale.

Kama jengo linalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, chukueni kibali kabla ya patasi ya kwanza.

Swali: Kona ya nyumba ya zamani Ujiji ina ufa: juu kidole kinaingia, chini ni uzi. Tuzibe kwa nini?
*Msomaji, Kigoma*

Jibu: Kwanza mjue kama bado unatembea. Bandikeni chokaa nyembamba juu ya ufa sehemu mbili, andikeni tarehe, mpite nazo mvua zote. Zikipasuka, kona inazama au paa linaisukuma nje, na kuziba ni kupoteza udongo: tafuteni kwanza maji ya paa yanaangukia wapi. Zikibaki nzima, lowesheni ufa, ujazeni tope zito, na kila mistari mitano ya matofali mkate mfereji unaovuka ufa sentimita 40 kila upande, mtie matofali mapya yaliyoshikana na ya pande zote mbili.