Jibu: Kupaka rangi dashibodi na plastiki za ndani za pikapu ya zamani

Ndugu, umeuliza kwa nini rangi uliyopuliza kwenye plastiki za milango ya Hilux yako inabanduka, na kama dashibodi nayo ipakwe rangi hiyohiyo. Kwa maoni yangu chanzo ni mafuta ya kung'arishia dashibodi, ambayo mengi yana silikoni inayobaki kwenye vijishimo vya plastiki na kuizuia rangi kushika hata pale uso unapoonekana safi kabisa. Zifungue plastiki hizo, uzisugue kwa brashi na sabuni ya vyombo, uzipanguse kwa spiriti, kisha uzipige msasa laini wa namba 400 hadi 600. Ukikuta kwa nyuma alama ya PP (polipropilini, plastiki isiyoshika rangi kwa urahisi), praima ya plastiki, yaani tabaka la kwanza la kushikisha rangi, ni ya lazima. Ukikuta ABS, aina nyingine ya plastiki ngumu, epuka thina kali, maana huiyeyusha. Dashibodi yenye uso wa vinaili (plastiki laini inayobonyea) ni suala jingine: inahitaji rangi ya vinaili, inayonyumbuka pamoja nayo joto linapopanda, na ipulizwe kwa matabaka membamba. Chagua isiyong'aa, hata kama fundi atakusifia ile inayometa, kwa sababu mng'ao wake huakisiwa kwenye kioo cha mbele na kumsumbua dereva.