Kimya cha marubani chini ya futi 10,000
Yaya, umesema marubani wa kila ndege wanalazimishwa kunyamaza; haiko hivyo: kanuni ya kimya hailazimishi kila ndege. Marekani iliiweka 1981: chini ya futi 10,000, kama mita 3,050, marubani hawaongei mambo yasiyohusu kazi. Inalazimisha mashirika ya abiria na ndege za kukodi. Ndege ya kampuni inayobeba wakubwa wake yenyewe haiguswi, ingawa kampuni nyingi hujiwekea kanuni hiyo. Mimi naweka mafuta kwenye ndege Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, na marubani wa ndege za migodi hulalamikia jambo moja kila mara: boss anaingia chumba cha marubani kuuliza saa ya kufika wakati wanaandika njia kwenye kompyuta. Juu ya futi hizo napo si salama: 2009 ndege ya abiria ya Marekani, Northwest 188, ilipitiliza Minneapolis ilikotakiwa kutua, marubani wameinamia laptopu zao.