Kangaga moja, rekodi tatu

SWALI: Ninaandika tasnifu kuhusu makangaga ya miti ya Usambara Mashariki. Nimepakua rekodi za vielelezo vya mojawapo, Cyathea manniana, kutoka GBIF (hifadhidata ya kimataifa ya viumbe hai), na tatu zinanitatiza. Zote zina mkusanyaji yuleyule, namba 412, tarehe ileile ya mwaka 1951, na maelezo "Amani, futi 3,000". Moja iko Nairobi, nyingine Kew, Uingereza, na ya tatu imeandikwa Alsophila manniana. Misimbopau ni tofauti, na kwenye ramani nukta zimepishana kilomita nne. Nihesabu ngapi?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Ndugu mwanafunzi, hesabu moja.

Msimbopau ni wa karatasi iliyobandikwa kipande cha mmea mkavu, si wa mmea wenyewe. Kinachotambulisha tukio la kukusanya ni jina la mkusanyaji, namba yake ya shambani na tarehe, vyote kwa pamoja. Tangu zamani wakusanyaji hukata vipande kadhaa vya mmea mmoja, wakaviandika namba moja, kisha wakavigawa kwa hebaria (hifadhi za mimea iliyokaushwa) mbalimbali ili moto au wadudu wakiharibu kimoja, kingine kibaki. Kwa kangaga la mti kuna sababu ya ziada: jani lake lina urefu wa mita mbili na zaidi, haliwezi kuenea kwenye karatasi moja. Hata ndani ya hebariamu moja unaweza kukuta karatasi tatu za jani lilelile, kila moja na msimbopau wake.

Majina yote mawili ni ya mmea huohuo. Mtaalamu wa mimea Hooker aliuita Cyathea mwaka 1865. Mwenzake wa baadaye, Tryon, akauhamishia Alsophila mwaka 1970. Chagua moja ulitumie kote, ila jina lililo kwenye lebo usilifute, liache katika safu yake. Kumbuka pia kwamba CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya spishi zilizo hatarini, huorodhesha makangaga haya chini ya Cyathea, kwa hiyo ukitafuta vibali tumia jina hilo.

Nukta za ramani ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Mwaka 1951 hakuna aliyebeba GPS msituni. Viwianishi hivyo, yaani namba za latitudo na longitudo, viliwekwa baadaye na watu wa ofisini, mara nyingi katikati ya kijiji, ilhali mmea huu hupenda mabonde yenye unyevu kandokando ya vijito. Rudi kwenye maneno ya lebo. Futi 3,000 ni takriban mita 914. Fuata kontua hiyo (mstari wa ramani wa mwinuko huo) kuzunguka Amani, weka nukta moja, na uandike kiasi cha mashaka kwa mita, yaani umbali ambao nukta huenda imekosea. Nukta isiyo na kipimo cha mashaka usiiingize kwenye modeli ya mazingira, hata ikiwa na desimali sita.

Mwisho, omba picha za karatasi zote tatu. Tafuta ile yenye kitako cha kikonyo, yaani sehemu ya chini ya bua la jani: miiba na magamba yake ndiyo yatakayokuthibitishia spishi. Ncha ya jani peke yake, hata ikiwa na spora, haitoshi kwa jamii hii.