Jibu la gofu: draiva ya digrii 9 au 10.5 kwa swingi ya maili 88?

Ndugu, umesema swingi yako, yaani kasi ya kuzungusha fimbo, imepimwa maili 88 kwa saa, mpira unatoka chini kisha unakatika kulia, na muuza mitumba anakusukumia draiva, ile fimbo ya kupigia mbali, yenye lofti (mlalo wa uso wa fimbo) ya digrii 9, eti kwa sababu unacheza Entebbe na upepo wa ziwa ni mkali. Usiinunue. Ya kwangu ya digrii 9 imelala nyuma ya mlango hapa Jinja, na ilinitoka laki nane taslimu.

Niliinunua kwa kiburi, nisikufiche. Wapigaji wa mbali niliowaona walikuwa na 9, na 12 tuliidharau, tukaiita ya wazee. Januari sikuona tatizo: ardhi imekauka, mpira unaanguka mapema lakini unabiringika hadi unajisifu. Aprili mvua ikishika, unaangukia papo hapo na kukwama topeni. Ile kanuni ya zamani ya Jinja, ya kuokota bila adhabu mpira ulioingia kwenye unyayo wa kiboko, haikunisaidia, maana shimo nilijichimbia mwenyewe.

Aliyenifumbua macho ni kedi mmoja wa makamo, mbeba mfuko wa fimbo. "Bosi, huo mpira umekukosea nini? Mbona hutaki upande?" Akatoa kikopo cha poda ya mtoto mfukoni, akaupaka uso wa draiva ukawa mweupe, akaniambia nipige mitano, na kila baada ya mpigo anaufuta na kupaka upya. Alama nne kati ya tano zilikuwa chini ya katikati, upande wa kisigino, yaani karibu na mpini. Sikuwa na la kujibu.

Uso wa draiva si bapa, umebinuka kidogo toka juu hadi chini. Ukigusa mpira chini ya katikati, lofti ya pale ni ndogo kuliko namba iliyochorwa, na mpira unazunguka kinyumenyume kupita kiasi. Ukiugusa juu kidogo ya katikati, unatoka juu na mzunguko unapungua, jambo ambalo ndilo tunalitafuta. Na mpigo wa kisigino huongeza ule mkato wa kulia kwa sisi wa mkono wa kulia. Kwa hiyo mimi nilikuwa na digrii 9 kwenye karatasi tu.

Kabla hujatoa hela, angalia mpira wako unavyoruka. Mtu asimame nyuma yako akurekodi kwa simu. Ukitoka chini na kuanguka chini, bila kujaribu kupanda, lofti haitoshi, hapo ongeza. Lakini ukitoka chini, halafu ukapanda ghafla katikati ya safari kama ndege ndogo, ukasimama hewani na kudondoka, hilo ni tatizo la mzunguko. Mara nyingi unaushukia mpira kutoka juu kama mtu anayepasua kuni. Inua tii, kile kijiti cha kuwekea mpira, mpaka nusu ya mpira iwe juu ya kichwa cha fimbo, sogeza mpira usawa wa kisigino cha mguu wa kushoto, ndipo urudi kwenye habari ya lofti. Wengi huruka hatua hii wakaishia kununua draiva tatu.

Kwa kasi yako, kati ya maili 85 na 95, mimi ningeanzia 10.5 na nisione aibu kufika 12. Wanaofaidi 9 ni wenye kasi ya 105 kwenda juu, na hata wao wapo wanaotumia 10.5. Tena lofti ikiongezeka, mzunguko wa nyuma unaushinda ule wa pembeni, na slaisi, ule mkato wa kulia, inapoa kidogo. Kidogo, nimesema. Haitibu swingi.

Halafu hizi jedwali za mtandaoni za kuchagua lofti hudhani upo usawa wa bahari. Kampala ni kama mita 1,200. Hewa yetu nyepesi hupunguza ukinzani, unapata labda asilimia 4 au 5 zaidi, lakini pia inaubeba mpira kwa unyonge. Anayepiga chini huku anaumia zaidi. Ukienda Kabale, juu zaidi, utaliona wazi.

Upepo? Upepo wa mbele unauadhibu mzunguko, si lofti peke yake. Piga kwa robo tatu ya nguvu, au chukua fimbo iitwayo mbao namba 3.

Ukipata yenye shingo ya kurekebisha kwa spana, nunua hiyo, hata kama ni ya miaka kumi iliyopita. Jua tu kwamba ukipandisha lofti, uso unajifunga kidogo kushoto. Ukishusha, unafunguka kulia. Kwa mtu wa slaisi kama wewe, kushusha ni kujitia kitanzi. Na spana ibaki kwenye gari: ukibadilisha lofti katikati ya raundi kisha ukapiga nayo, unaondolewa mashindanoni. Nimeshuhudia jamaa akifunga mfuko wake mwanzoni mwa shimo la 10, uso umemshuka.

Siku ukipita Jinja niandikie. Nina 11 ya kukuazima, na kikopo cha poda sasa nabeba mwenyewe.